Methali za Kichina: uzisome katika kitabu kipi?

Huko China, enzi ya Song, palikuwa na mkuu wa jimbo akiitwa Tian Deng. Jina lake, Deng, kimatamshi ni sawa kabisa na neno la Kichina la taa, naye hakutaka litoke kinywani mwa mtu. Aliyeteleza ulimi alichapwa, na makarani wengi walizionja bakora hizo. Basi jimbo zima likaacha kusema taa, likawa linasema moto. Ikafika sikukuu ya taa, siku ya kumi na tano ya mwezi wa kwanza, ambapo wananchi waliruhusiwa kuingia hadi ndani ya boma kutazama. Kuwasha taa za sikukuu ni fang deng. Karani, akiuhurumia mgongo wake, akaondoa deng akaweka huo, yaani moto. Tangazo likabandikwa sokoni: "Kama ilivyo desturi, jimbo hili litachoma moto kwa siku tatu."

Leo Mchina akimwona bosi anajifanyia yale anayowakataza wengine, husema: mkuu wa jimbo ruksa kuchoma moto, raia marufuku kuwasha taa. Ukinunua kamusi ya methali, utaukuta mstari huo mmoja na maelezo mafupi kwamba unahusu dhuluma. Tian Deng humwoni, wala karani. Hao wamo katika Laoxue'an biji (老学庵笔记), daftari la mshairi Lu You (1125–1210). Na humo mambo yamegeuka: kisa kipo na tangazo lipo, ila methali yenyewe haipo. Watu waliifinyanga baadaye.

Kwa hiyo anayetaka kusoma methali za Kichina ana mahali pawili pa kwenda. Kuna vitabu vinavyompa methali iliyokwisha kukobolewa, na kuna vinavyomwonyesha ikiwa bado na maganda yake: nani alisema, mwaka gani, ngano ilikuwa bei gani. Hivi vya pili ndivyo Wachina wanaviita biji, maandishi ya brashi. Mwandishi wake ni msomi aliyestaafu au ofisa anayekimbia vita. Anaandika alichosikia kwenye karamu, asili ya neno, mzimu wa jirani, utani wa makarani, vyote kwenye gunia moja. Hong Mai (1123–1202), ambaye daftari lake ni miongoni mwa makubwa ya aina hii, anakiri katika dibaji ya mwaka 1180 kwamba uzee umemtia uvivu, hasomi sana, na popote mawazo yanapomfikisha hunukuu papo hapo bila kupanga. Ndiyo maana akaliita suibi, kufuata brashi.

Nimevisoma baadhi ya vitabu hivi kwa nafasi yangu, mara nyingi nikiwa na kamusi mkono wa pili. Ninachokuandikia hapa ni ulinganisho wa msomaji mwenye upendeleo, na upendeleo wangu utauona.

Kitabu cha kukariri

Tuanze na kile ambacho pengine utapewa kwanza ukimwomba mwalimu wa Kichina kitabu cha methali: Zengguang xianwen (增广贤文). Hakina mwandishi anayejulikana, kilikuwapo tayari enzi ya Ming, na si biji. Ni kitabu cha watoto, mistari ya vina iliyopangwa ili ikaririwe kwa sauti, kama watoto wetu wanavyokariri chuoni kabla hawajajua maana. Mistari ni mifupi, maneno ni mepesi, na karibu kila mstari bado unasemwa mitaani. "Njia ndefu huonyesha nguvu za farasi, muda mrefu huonyesha moyo wa mtu." Hii ni jirani kabisa ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Ila usidhani kwa kuwa ni cha watoto basi ni kipole. Kina ukali wa mtu aliyeshatapeliwa mara nyingi. "Maskini hukaa katikati ya soko na hakuna anayemuulizia, tajiri hukaa mlimani ndani na ndugu wa mbali humfikia." "Kama huamini, tazama pombe kwenye karamu: kila kikombe huanza kwa mwenye pesa." Na ule mstari kuhusu ofisi ya serikali, kwamba milango yake imefunguka wazi kuelekea kusini, lakini ukiwa na haki bila pesa usiingie. Sisi tulishasema: mkono mtupu haulambwi.

Kasoro yake ni kwamba mistari hugombana. Ukurasa mmoja unakwambia mali ni kama samadi na utu ndio wenye thamani ya dhahabu. Ukurasa mwingine unakwambia mtu hatajirika bila pesa za njia ya mkato, kama farasi asivyonenepa bila majani ya usiku. Mtoto afuate upi? Kitabu hakijibu, maana hakikwambii nani aliyesema na alikuwa amepatwa na nini siku hiyo.

Kipimo kimoja

Ili kuona tofauti, nilichukua methali moja nikaifuata katika vitabu vitatu.

Katika Zengguang xianwen inasomeka hivi: maji ya mbali hayazimi moto wa karibu, ndugu wa mbali hamfikii jirani wa karibu. Imekamilika, tamu, unaweza kuinukuu kwenye harusi au msibani. Mithali 27:10 ya Biblia inasema karibu lile lile.

Ukirudi nyuma hadi Han Fei, mwanafalsafa aliyekufa mwaka 233 kabla ya Kristo, unaikuta katika sura iliyojaa visa vya kutumiwa na wasemaji mbele ya wafalme. Mtawala wa nchi ndogo ya Lu anawatuma wanawe wakatumikie Jin na Chu, mataifa makubwa, apate marafiki. Mshauri mmoja anamwambia: mtoto akizama, ukaenda kuazima mwogeleaji kutoka nchi ya mbali ya Yue, hata awe hodari vipi mtoto hataishi. Nyumba ikiungua, ukaenda kuchota maji baharini, bahari ina maji mengi lakini moto hautazimika. Jin na Chu wana nguvu, ila taifa la Qi liko mlangoni. Kumbe methali ya ujirani ilianza kama onyo la siasa, na jirani wa karibu ndiye aliyekuwa adui!

Katika Jilei bian (鸡肋编), daftari la Zhuang Chuo lenye dibaji ya mwaka 1133, imegeuka tena: kisima cha mbali hakiokoi kiu ya karibu. Moto umekuwa kiu. Naye anaileta kwa sababu ya kupenda maneno, akionyesha jinsi mshairi Chen Shidao alivyochukua misemo ya watu wa kawaida akaitia katika mashairi. Bega kwa bega na hiyo ananukuu nyingine ya wakati wake: hata mke wa mwana awe fundi vipi, hapiki tambi bila unga.

Ndipo nilipoamua kwamba kwangu mimi biji ndiyo inashinda. Hiyo ya tambi Wachina bado wanayo, lakini leo wanasema hawezi kupika bila mchele. Zhuang Chuo alikuwa mtu wa zama ambazo watu wa kaskazini, walaji wa ngano, walikuwa wakimbizi kusini. Kaifeng, mji mkuu, ulitekwa mwaka 1127 na serikali ikakimbilia kusini. Katika daftari hilo hilo anaandika kwamba wakimbizi wa kaskazini walijaa kila mahali, na bei ya ngano ikapanda hadi sarafu 12,000 kwa kipimo cha hu kimoja. Soma methali ya tambi bila unga ukiwa na bei hiyo kichwani, uone kama bado ni maneno ya kupamba ukuta wa jiko.

Mbavu za kuku au nyama ya kondoo

Hivi viwili, Jilei bian na Laoxue'an biji, ndivyo vinavyostahili kuwekwa ubavu kwa ubavu, maana vimetoka zama moja na kila kimoja kina methali nyingi za mdomoni mwa watu.

Jilei maana yake mbavu za kuku. Jina limetokana na kisa cha mbabe wa vita Cao Cao: ubavu wa kuku ukiula hauna utamu, ukiutupa unaumia moyo. Zhuang Chuo anajishusha, lakini kitabu chake kina nyama. Ni cha mtu aliyeona nchi ikivunjika, na methali anazonukuu zina hasira. Anasema baada ya kukimbilia kusini watu walikuwa na msemo huu: ukitaka cheo, ua, choma, kisha kubali msamaha, ukitaka utajiri, mfuate mfalme anapohamia ukauze pombe na siki. Serikali dhaifu ilikuwa inawapa majambazi vyeo ili watulie. Nusu ya pili ni fuata nyuki ule asali, ila nyuki wenyewe wanakimbia. Sijui mstari mwingine unaoeleza uchumi wa vita kwa maneno machache kiasi hicho.

Lu You naye aliona vita hivyo hivyo, akazeeka akivililia katika mashairi. Lakini katika daftari lake anacheka zaidi. Ni mzee anayesimulia barazani. Methali yake ninayoipenda kupita zote inahusu mitihani. Maandishi ya mshairi Su Shi yaliwahi kupigwa marufuku. Baada ya 1127 yakapata heshima tena, na wanafunzi, hasa wa Sichuan alikotoka Su mwenyewe, wakayakimbilia kama ndiyo njia ya kufaulu na kupata kazi serikalini. Wakasema:

Ukiiva katika maandishi ya Su, utakula nyama ya kondoo;
ukiwa mbichi katika maandishi ya Su, utakula mchuzi wa mboga.

Mfasiri wa lugha nyingi angehangaika hapa. Neno la Kichina shu ni kuiva kwa chakula na pia kulijua jambo vizuri. Sheng ni ubichi wa chakula na pia ugeni katika jambo. Kiswahili kinalo tayari. Tunasema fulani ameiva, tunasema huyu bado mbichi, na hatuzungumzii sufuria. Mwanafunzi wa Sichuan wa karne ya 12 na kijana wa Morogoro wangecheka pamoja bila mkalimani. Lu You anaongeza kwamba wanafunzi wa mwanzoni mwa enzi ya Song walikuwa na msemo wao kuhusu kitabu kingine cha mtihani, Wen xuan: ukikipika hadi kikalainika, umeshakuwa nusu ya msomi.

Tofauti nyingine ni ya matumizi. Zhuang Chuo mara nyingi anakwambia wazi "msemo unasema", kwa hiyo unaiona methali moja kwa moja. Lu You mara nyingine anakupa kisa tu, kama cha Tian Deng, halafu unapaswa kujua mwenyewe kwamba methali ilitoka humo. Anayetafuta methali za kuhesabu apendelee mbavu za kuku. Anayetaka kufurahi aende kwa Lu You.

Mitungi ya Tao Zongyi

Miaka zaidi ya 150 baada ya Lu You, mwishoni mwa utawala wa Wamongolia, Tao Zongyi alikuwa akilima shamba kusini. Dibaji ya kitabu chake, ya mwaka 1366, inasimulia kwamba alipopumzika chini ya mti aliandika mawazo yake kwenye majani, akayatia kwenye mtungi na kuufukia. Baada ya miaka kumi mitungi ilipita kumi, ndipo akaifukua. Kitabu kikaitwa Chuogeng lu (辍耕录), kumbukumbu za kuacha kulima. Kina sehemu 30, na methali humo ni chache kwa idadi, ila zile zilizopo zimeota mizizi.

Moja ni ya mnyama wa mlima Wutai ambaye kinyesi chake ni dawa. Tao anamwita ndege, ingawa anamwelezea kuwa na miguu minne na mabawa ya nyama asiyoweza kurukia. Wataalamu wa leo wanamtambua kuwa ni kindi arukaye. Majira ya joto manyoya yake yanang'aa, naye huimba: "Finiksi hanifikii!" Baridi ikiingia manyoya yanapukutika, anabaki kama kifaranga, na wimbo unabadilika: "Bora siku zipite, bora siku zipite." De guo qie guo. Kwa Kiswahili cha mjini ni bora liende, na kila ofisi ina mmoja.

Nyingine ni "mashangazi watatu na vikongwe sita", orodha ya wanawake tisa ambao Tao anashauri wakwepwe kama nyoka na nge: mtawa wa Kibudha, mtawa wa Kidao, mpiga ramli, dalali wa kununua wajakazi, mshenga, mpunga pepo, mama wa danguro, muuza dawa na mkunga. Mpaka leo Wachina wanautumia msemo huu kwa wanawake wambeya. Mimi huwa nauruka ukurasa huo kwa hasira. Mkunga amekosa nini? Ni maneno ya mwanamume aliyeogopa kila mwanamke anayeingia nyumba za watu kwa kazi yake mwenyewe. Hata hivyo, ukiwa unataka kujua jamii ile ilimwogopa nani, hakuna orodha bora zaidi.

Kifupi kuliko vyote

Kwa anayeanza Kichina, nina pendekezo ambalo halimo katika orodha nyingi: Zazuan (杂纂), kinachohesabiwa kuwa cha mshairi Li Shangyin wa enzi ya Tang, karne ya 9. Hakina visa wala methali kamili. Kina vichwa vya habari, na chini ya kila kichwa mafungu ya maneno matatu au manne. Ungedhani ni mtu wa leo anaandika kwenye simu.

Chini ya "visivyolingana" kuna: mganga mgonjwa, mwalimu asiyejua kusoma, mchinjaji anayesoma kitabu cha dini, mpiga mieleka mwembamba, Mwajemi maskini. Wa kwanza tunamjua, mganga hajigangi. Wa mwisho anahitaji maelezo: wafanyabiashara wa Uajemi katika miji ya Tang walisifika kwa utajiri, hata Mwajemi fukara akawa kichekesho. Chini ya "hatakuja kamwe" yuko mbwa unayemwita ukiwa umeshika fimbo. Na chini ya "kuua mandhari" kuna kuanika suruali kwenye maua, kuosha miguu katika chemchemi safi, kuvunja kinanda ukapate kuni za kumpikia korongo. Hilo la mwisho limekuwa nahau ya herufi nne, na "kuua mandhari" husemwa kila siku pale ambapo sisi tungesema kitumbua kimeingia mchanga.

Wengine kwa haraka. Youyang zazu (酉阳杂俎) ya Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863, ni hazina ya maajabu, lakini ukienda humo kwa ajili ya methali utarudi na chache. Humo kuna kisa cha kwa nini baba mkwe huitwa Mlima Tai: waziri Zhang Yue alisimamia ibada ya mfalme mlimani hapo mwaka 725, na mkwewe akaruka ghafla kutoka cheo cha tisa hadi cha tano, mfalme alipouliza, mchekeshaji wa ikulu akajibu, "Hizi ni nguvu za Mlima Tai." Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kukifungua, kwani kinaitaja nchi ya Bobali, ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na Berbera katika pwani ya Somalia, ambako watu hutoboa mshipa wa ng'ombe, wakachukua damu na kuinywa na maziwa. Daftari la Hong Mai, Rongzhai suibi (容斋随笔), ni la wasomi wa historia, ila usikose beti zake za furaha nne: mvua baada ya ukame mrefu, kukutana ugenini na rafiki wa zamani, mishumaa ya usiku wa harusi, jina kwenye orodha ya waliofaulu. Anaweka pia huzuni nne, na ya mwisho ni moyo wa mtahiniwa aliyeanguka. Na Gu yaoyan (古谣谚) ya Du Wenlan, ya karne ya 19, ni ghala tu: sehemu 100, misemo na nyimbo za watu zaidi ya 3,000 iliyochomolewa kutoka mamia ya vitabu, kila mmoja na mahali ulipotoka. Huwezi kuisoma kitandani. Unaiendea kama unavyoiendea ankra ya zamani, kuhakikisha.

Uhakikisho huo una kazi, kwa sababu methali nyingi "za Kichina" zinazozunguka kwenye simu zetu hazitoki China. Ile laana ya "uishi katika nyakati za kusisimua" hakuna aliyeionyesha katika kitabu cha Kichina. Kilicho karibu nayo ni mstari uliomo katika hadithi za Feng Menglong za mwaka 1627, nao una uzito tofauti kabisa: afadhali kuwa mbwa wakati wa amani kuliko kuwa mtu wakati wa vurugu.

Uchague nini, basi

Ukiwa unafundisha watoto au unataka mistari ya kusema kesho, chukua Zengguang xianwen na usijisumbue na vingine. Ukiwa mwaka wa pili wa Kichina, na sarufi ya kale inakutisha, Zazuan itakupa ushindi mdogo kila jioni, maana fungu zima mara nyingi ni herufi tatu au nne. Mfasiri au mwandishi wa tamthilia asipite bila Chuogeng lu.

Lakini kama ni kimoja tu, na una kamusi na subira, nunua Lu You. Laoxue'an biji na Jilei bian vyote vimo katika mfululizo wa madaftari ya Tang na Song wa shirika la Zhonghua Shuju, vikiwa na alama za vituo ambazo wazee hawakuziweka, na hilo pekee linakupunguzia nusu ya mateso. Usianze mwanzo. Fungua sehemu ya tano umtafute Tian Deng, kisha ya nane kwenye nyama ya kondoo. Ukikuta unacheka kabla ya kufungua kamusi, umeshaiva. Mbavu za kuku zifuate.